Hadhira yangu haiji mmoja mmoja

Kitu cha kwanza kinachoishinda miwani ya uhalisia pepe, ile inayokufunika macho na kukuweka ndani ya picha, hapa Tanga ni kilemba. Cha pili ni mtandio, na cha tatu ni kofia ya viua iliyotiwa wanga na kupigwa pasi asubuhi hiyohiyo. Mikanda ya miwani ile inapita juu ya utosi na kuzunguka kisogo, na lazima ibane, la sivyo picha haikai sawa machoni. Sasa mwambie mama wa watu, aliyejitanda vizuri na kuja na wifi yake, kwamba kijana asiyemjua atamshikashika kichwa mbele ya kadamnasi ili akaze mkanda. Akikubali kwa kukuonea haya, miwani inakaa upande. Baada ya dakika mbili joto la pwani limeshaingia ndani, lenzi zimepata ukungu, na ile sponji inayogusa uso imelowa jasho. Anayefuata kwenye foleni ameshaiona hiyo sponji.

Siwalaumu waliozitengeneza. Kichwani mwao kulikuwa na mtu mmoja, sebuleni kwake, mlango umefungwa, kiyoyozi kinavuma. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mashine ya Mmarekani Morton Heilig, iliyopewa hataza mwaka 1962, ilikuwa na picha, upepo, harufu na kiti kinachotetemeka, lakini kiti chenyewe kilikuwa kimoja. Kofia ya Ivan Sutherland ya mwaka 1968 ilining'inizwa kutoka darini, na chini yake alikaa mtu mmoja.

Watu wangu hawaji hivyo. Anakuja mtu na shangazi yake, na watoto wa jirani, na mpita njia mmoja ambaye hakualikwa ila ameona kundi. Mmoja akivaa miwani, wote waliobaki wanamtazama yeye: anavyopapasa hewa, anavyorudi nyuma, anavyoita "mama yangu we!" Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Filamu niliyoihangaikia miezi hawaioni hata chembe, na kusema kweli, mara nyingi walichokiona wao kilikuwa kitamu kuliko filamu.

Cheo changu ni mkurugenzi wa ubunifu. Nimekishika kwa miaka mingi sasa, kwanza Dar es Salaam na baadaye hapa nyumbani, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa ni kumhamisha yule mtu wa sebuleni atoke njiani ili wale walioambatana waweze kuingia.

Niliingilia mlango wa sauti. Nimekulia Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba, ambako redio ya nyumba moja ilisikilizwa na nyumba tatu na kila mtu alikuwa na neno la kuongeza. Taarabu ya Lucky Star ikipigwa, bibi zetu waliijibu kwa sauti kana kwamba mwimbaji wake, Shakila, alikuwa amekaa barazani. Nilipokwenda Dar nikaanza kuhariri matangazo ya redio, nikahamia kampuni ya matangazo, nikapanda. Huko nilijifunza kuuza sabuni na laini za simu, na pia kukaa kikao cha saa nne kuhusu rangi moja. Sina mengi ya kusema juu ya miaka hiyo isipokuwa kwamba mshahara ulikuwa unaingia kwa tarehe.

Mwaka 2014 Facebook iliinunua Oculus, kampuni ya miwani hii, kwa dola bilioni 2, na mwaka huohuo Google ikatoa miwani ya boksi: unakunja karatasi ngumu, unaweka lenzi mbili, unachomeka simu. Sisi tukakata maboksi ya kwetu. Tulipoanza kuwapa watu, simu nyingi zikakataa. Picha ilikuwa inaonekana vizuri tu, ila ukigeuza kichwa haigeuki, kwa sababu simu za bei nafuu nyingi hazikuwa na jairoskopu, kile kidude kinachoiambia simu kwamba imezungushwa. Hakuna aliyeandika hilo kwenye boksi. Ukiwa na simu ya bei mbaya ulikuwa ndani ya msitu. Ukiwa na ya kawaida ulikuwa umebandika boksi usoni.

Halafu zikaja fedha za wafadhili. Mwanzoni mwa 2015 filamu fupi ya nyuzi 360, yaani unayoitazama pande zote, kuhusu binti Msyria wa miaka 12, katika kambi ya Zaatari kule Jordan, ilionyeshwa kwenye kongamano la uchumi la Davos, Uswisi, kwa wakubwa wa dunia. Mmoja wa walioiongoza, Chris Milk, akasimama jukwaani miezi michache baadaye na kuiita teknolojia hii mashine ya huruma. Baada ya hapo kila shirika likataka ya kwake. Moja lilitulipa tukarekodi wavuvi na akina mama wakaanga samaki pale Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga. Tulisimamisha kamera ya duara katikati ya makaango, tukajificha nyuma ya mashua ili tusionekane (kamera ya nyuzi 360 haina nyuma, mwongozaji hana pa kusimama), na filamu ikatoka nzuri. Ikasafiri. Ikavaliwa machoni na watu wa Ulaya ambao, nilivyoambiwa, walilia. Pale Deep Sea haikufika, kwani bajeti ya kuirudisha haikuwamo. Nilipopita siku moja kununua samaki, mama mmoja kati ya waliorekodiwa akanisalimia vizuri, akanifungia pweza wangu, kisha akaniuliza: "Baba, na hiyo huruma yao, inafika lini?"

Siku hizi mtu akinitajia mashine ya huruma namuuliza miwani itakuwa kichwani kwa nani. Swali hilo limenikosesha kazi kadhaa.

Nafahamu kwamba wengi hawajui mkurugenzi wa ubunifu anafanya nini, akiwamo mama yangu, ambaye huwaambia watu kwamba mwanawe "ana mambo ya miwani". Sishiki kamera, siandiki programu, sichongi vibao. Ninaandika mtu atapita wapi, atasikia nini kabla hajaona, na kitu gani hataruhusiwa kufanya. Ninaomba fedha. Na ninakata. Mtaalamu wetu wa picha akichora mti wenye majani elfu, mwandishi wa programu anakuja ananiambia kompyuta inachelewa, na mimi ndiye wa kusema majani yapungue. Ubishi huu si wa urembo. Ukigeuza kichwa na picha ikachelewa kukufuata, hata kwa zaidi ya sehemu 20 tu za elfu moja ya sekunde, macho yanasema jambo moja na sikio la ndani linasema jingine, na tumbo linaamua kesi. Nimeona mzee wa heshima akitapika kwenye ndoo ya rangi. Majani yalipunguzwa jioni hiyohiyo.

Aliyenifundisha kazi hii kuliko warsha zote ni mwongoza wageni wa Mapango ya Amboni. Mapango yako kilomita chache kaskazini ya mji, mwamba wa chokaa, giza tupu, popo, na njia inayobana hadi inabidi uinamishe kichwa. Mwongozaji anashika tochi. Ukiwa nyuma yake na kundi la watu kumi na watano unaona jinsi alivyo fundi: mwanga uko mmoja, kwa hiyo wote mnatazama mahali pamoja. Anaupeleka kwenye jiwe, ananyamaza, anauliza, "Mnaona nini hapo?" Mmoja anasema simba, mwingine anasema kochi, mtoto anasema tako, watu wanacheka, na tayari pango limekuwa lao. Baadaye anawaambia mshikane mikono, anazima tochi. Hapo hata yule aliyekuwa anajirekodi na simu anaacha.

Kuna mtu alitaka tumtengenezee mapango yale kwenye miwani. Nilimwambia awalipe waongozaji vizuri na kununua tochi nzuri. Hakunipigia tena.

Lakini Tongoni tulikwenda. Magofu yale yako kusini ya Tanga, kwenye njia ya Pangani: msikiti wa matumbawe na makaburi zaidi ya 40, baadhi yake yakiwa ya nguzo, na nguzo nyingi zimeanguka. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, na aliporudi 1499 akaiteketeza meli yake mojawapo, São Rafael, karibu na hapo kwa sababu mabaharia hawakutosha tena. Watu hupenda kuanzia kwake. Sisi tulianzia kwenye mashimo ya duara yaliyo kwenye nguzo, mahali palipopachikwa bakuli za kauri zilizoletwa na bahari, ambazo karibu zote zimeshaondoka.

Kazi ya kulichukua jengo kwa picha ni ya uvumilivu. Unapiga picha moja, unasogea hatua, unapiga nyingine inayolalia ile ya kwanza kwa zaidi ya nusu, unazunguka hivyo hadi jengo zima limeonekana kutoka kila upande, na kompyuta inakaa siku kadhaa ikiunganisha. Tulisubiri asubuhi za mawingu, maana kivuli kikali cha jua kinaganda kwenye ukuta wa kompyuta na hakitoki tena. Watafiti wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa mitambo ya leza, kwa usahihi ambao sisi na kamera yetu ya kuazima tusingeufikia. Tulitaka kitu kingine: mtu wa Tanga asimame pale msikiti ukiwa na paa.

Tulikwenda kuwaeleza wazee wa kijiji. Tulikaa chini, tukasalimiana sana, tukaeleza. Mzee mmoja alinyamaza muda wote, mwisho akauliza: "Na huyo atakayeingia kwa hiyo miwani, viatu atavua?"

Vijana wangu wakatabasamu. Mimi nilijua papo hapo kwamba tumepewa mpango wa kazi. Tulipofungua maonyesho tuliweka mkeka wa ukindu, mpya, na kabla ya kuvaa miwani kila mtu alivua viatu na kukanyaga mkeka. Kumbe mkeka ukatibu na shida nyingine ya kiufundi: mtu aliyevaa miwani haoni chumba, anatembea mpaka anagonga meza, na mifumo ya kumwonya kwa mistari myekundu machoni inamtoa kwenye hadithi. Mguu mtupu ukifika ukingoni mwa ukindu na kugusa saruji baridi, unarudi wenyewe. Hakuna aliyegonga meza.

Wazee walikuwa na sharti jingine, hawakulisema kama sharti: makaburi hayakanyagwi. Kwenye kompyuta unaweza kuruka juu ya kaburi, kupita ndani yake, kulizungusha kama chungwa. Nilisema hapana kwa yote. Ukifika kwenye ukuta wa kaburi, miguu yako inakoma. Mwandishi wa programu alilalamika kwamba watu watadhani imekwama, tukaafikiana kwamba unapokaribia, sauti ya bahari ikue kidogo kidogo hadi ijae masikioni, ili kusimama kuwe na sababu. Ni watalii tu waliolalamika, na si wote.

Bado tatizo langu la zamani lilikuwepo: mmoja ndani, kumi nje wanacheka. Nikakumbuka Amboni. Toleo la pili tuliliondolea miwani kabisa. Chumba cha giza, ukuta mmoja, projekta, na tochi moja. Ndani ya tochi mliwekwa kitambuzi cha mwendo kinachoiambia kompyuta imeelekezwa wapi. Penye giza, ukuta unaonyesha gofu kama lilivyo leo. Pale mwanga unapopita, nguzo inasimama nzima na bakuli zake zinang'aa, na ukiondoa mwanga, zinaondoka. Tochi ilipita mkono kwa mkono. Watu wakaanza kuamrishana: "Rudisha pale! Hapo, hapo chini, kuna maandishi!" Bibi mmoja alikataa kuitoa. Wajukuu walimbembeleza, akasema ngojeni kwanza, mimi hii bakuli nimeiona kwa mama yangu. Sijui kama ni kweli, wala sikutaka kujua. Chumba kizima kilimsikiliza yeye, si spika zangu.

Wapo waliofikiri hivi kabla yetu. Myron Krueger, Mmarekani, katika miaka ya 1970 wenzake walipokuwa wakitafuta kofia, yeye alimsimamisha mtu mbele ya kamera, akachukua umbo la kivuli chake na kukiweka ukutani kicheze na vitu na vivuli vya wengine. Hakuna kuvaa chochote. Nikitakiwa kutaja babu wa ukoo wangu katika kazi hii, namtaja huyo.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya nyuki. Mtoto wa Tanga anaisikia hadithi hii kabla hajajua Vita Kuu ya Kwanza ni nini: Waingereza walikuja na jeshi, nyuki wakawafukuza. Mwanzoni mwa Novemba 1914 askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, walishushwa kuanzia Ras Kazone chini ya Jenerali Aitken. Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck walikuwa na kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Tarehe 4 risasi za bombomu zilipopasua mizinga mitini, nyuki walitoka na kuuma pande zote mbili, hawakuuliza nani Mjerumani na nani Mwingereza. Waingereza wakapata hasara ya watu zaidi ya 800, waliokufa na kujeruhiwa, wakarudi melini. Baadaye zikaenea hadithi kwamba Wajerumani ndio waliowatega nyuki. Vitabu vya Kiingereza huigeuza vita hii kuwa kichekesho cha majenerali. Sisi tunaigeuza ushindi wa nyuki. Katika vyote viwili mpagazi haonekani.

Tulipata ghala la zamani upande wa bandarini, bati limetoboka kama kichujio. Tukaweka spika kuzunguka kuta zote na nyingine juu, na katikati ya dari Kinect, ile kamera ya kupima umbali ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2010 na kuacha kuitengeneza 2017. Tulinunua ya mtumba. Inaona kwa mwanga wa infraredi, na miale ya jua iliyopenya kwenye matobo ya bati iliipofusha kabisa kila saa sita mchana. Tulifunika paa kwa turubai na kuanza kuiva taratibu humo ndani.

Nyuki tuliwarekodi kwa mfugaji wa Handeni. Bawa la nyuki hupiga kiasi cha mara 230 kwa sekunde, na ukisikia mzinga kwa karibu unagundua kwamba si mlio mmoja, ni umati. Fundi wetu wa sauti alitaka kila kitu kipimwe kwa mtu aliyesimama katikati kabisa ya chumba, mahali ambapo kundi la nyuki lingepita sikio la kushoto kwenda kulia kwa usahihi wa ajabu. Nilimuuliza na huyu aliyesimama mlangoni na mtoto mgongoni? Tulibishana wiki nzima. Mwishowe tukawatawanya nyuki, kila kona ina wake, na hakuna nafasi bora chumbani.

Kanuni ya chumba ni moja. Kamera haimfuati mtu yeyote. Inajumlisha mwendo wa wote. Watu wakitembea, wakigeuka, wakipunga mikono, nyuki wanapanda. Wote wakitulia, nyuki wanashuka, na chini yao unaanza kusikia watu wakiongea: mpagazi anayelalamikia mzigo, askari anayeuliza mshahara, sepoi, yaani askari wa Kihindi, aliyekaa melini karibu mwezi na bado anayumba, mwanamke aliyekataa kuondoka mjini kwa sababu ya ng'ombe wake. Maneno yao tuliyatunga wenyewe, na mlangoni tuliandika hivyo kwa herufi kubwa. Akijikuna mtu mmoja, yanafifia.

Hatukuweka maelekezo. Kundi la kwanza la siku ya ufunguzi liliingia kwa kelele, nyuki wakalipuka, watoto wakapiga mayowe na kukimbia, nyuki wakazidi. Ilichukua muda hadi mwanamke mmoja aliyekuwa amechoka tu akakaa chini. Waliokuwa karibu naye wakakaa. Sauti ikapungua, na kutoka pembeni mwanamume akasema kitu kuhusu bega lake. "Tulieni basi, kuna mtu anaongea!" alifoka mzee mmoja, na kwa kufoka huko akampoteza. Wakacheka, wakatulia tena, safari hii kwa makusudi.

Alikuwepo pia mvulana wa miaka kama tisa aliyegundua haraka kwamba ana uwezo wa kuwaharibia wote. Kila mpagazi alipoanza, yeye anarusha mguu. Mfadhili aliyekuwa amesimama nami akanong'ona kwamba mfumo ungeweza kutengenezwa umpuuze mtu mmoja msumbufu. Ungeweza, ni mistari michache ya programu. Nikasema tungoje. Bibi asiyemjua mtoto yule, nina hakika kwa sababu nilimuuliza baadaye, alimvuta mkono, akamkalisha kwenye paja lake, akamkumbatia kwa nguvu ya mtu aliyelea wengi. Mpagazi akamaliza maneno yake.

Vitu hivi havidumu. Chumvi ya bahari inakula plagi, taa ya projekta inafifia, na kampuni kubwa zikichoka na kifaa, kazi yako inakwenda nacho. Google iliacha kuuza miwani yake ya boksi mwaka 2021, na programu tulizozitengenezea siku zile hazifunguki kwenye simu mpya. Ninachoweza kukuonyesha leo kutoka miaka ile ni faili za sauti, maandishi, na picha za watu wakicheka. Vijana wakinijia wakitaka kuanza, nawaambia wahifadhi sauti zao katika mfumo wa kawaida na wajifunze kuhariri redio kwanza. Wananitazama kama mzee.

Mmoja wao, mwandishi wetu mpya wa programu, hakubaliani nami kuhusu nyuki. Tunajiandaa kulipeleka ghala lile Pangani, kwa maana ya vifaa vyake, na tunaongeza sauti za Kidigo. Yeye anataka kila anayeingia achague kwenye simu yake awe nani, mpagazi au askari au sepoi, asikie ya kwake kwa hedifoni. Anasema vijana hawawezi kukaa chini gizani kumngoja mtu amalize kujikuna. Mimi nasema chumba kitajaa watu walioinamia simu. Tumebishana mpaka mama lishe anayetuletea chai ametoa hukumu yake, ambayo ilikuwa kwamba sote wawili hatuli vizuri. Tumekubaliana ajaribu Jumamosi moja, kwa masharti yangu: simu zitakuwa tano kwa chumba kizima, hedifoni marufuku, wagombanie.